Kimono: Mitindo, Taifa na Mikono ya Mafundi

  Ni heshima kubwa kuzungumza na hadhira ambayo sehemu yake inaujua uzi kwa vidole na sehemu yake inaujua kwa vitabu. Nitajitahidi nisiupunje upande wowote.

Madhumuni yangu jioni hii ni kueleza jinsi kimono ya Wajapani ilivyoishi. Wengi wetu tumeiona katika picha: mwanamke ametulia, amefungwa mshipi mpana, nyuma yake kuna mti wenye maua. Picha hiyo hutufanya tuamini kwamba vazi hili limekaa vilevile tangu enzi za mababu. Nitakachokitetea ni kinyume chake. Kimono ilidumu kwa sababu ilikuwa mitindo. Ilinunuliwa, ikaigwa, ikapigwa marufuku, ikachapwa kiwandani, ikabadilika kila kizazi. Hatari kubwa kuliko zote iliifika siku ilipotukuzwa kiasi cha watu kuogopa kuivaa. Nina hoja tano, na baada yake nitasema neno kuhusu kesho.

Hoja ya kwanza: Kimono huanzia kwenye jora

Fundi wetu wa cherehani akiletewa kitambaa, hushika futi kwanza. Hupima kifua, kiuno na mabega, akakata kwa kufuata mwili wa mteja, na vipande visivyo na kazi vikaanguka chini ya meza. Fundi wa kimono huanza na jora lenyewe. Jora la kimono ya mtu mzima lina upana wa kati ya sentimita 36 na 38 hivi, na urefu wa mita 12 au zaidi kidogo. Likiwa la hariri, huwa limekula takriban vifukofuko 3,000 vya viwavi. Kitu kilichogharimu viumbe wengi namna hiyo hakikatwi ovyo.

Basi jora hilo hukatwa kwa mistari iliyonyooka tu, likatoa vipande vinane. Viwili virefu hufunika mwili, kila kimoja kikianzia chini mbele, kikapanda begani, kikashuka mgongoni bila kukatwa. Viwili ni mikono. Viwili vyembamba huongezwa mbele ili upande mmoja uweze kulalia mwingine. Kimoja ni ukosi, na cha mwisho ni kitambaa cha kuufunika ukosi mahali unapogusana na shingo, kwa kuwa hapo ndipo jasho hukaa. Ukivipanga vipande vyote mezani unalipata tena jora lako, karibu bila kupoteza hata shubiri.

Kitambaa kilichozidi hakikatwi. Hukunjwa ndani ya mshono, kikasubiri. Mtoto akirefuka, mikunjo ya mabegani na kiunoni hufumuliwa, vazi likarefuka naye. Mwanamke huivaa kimono iliyo ndefu kuliko kimo chake, akaikunja kiunoni mpaka upindo ufike kwenye vifundo vya miguu, ndiyo maana mama na binti wanaweza kuvaa vazi moja hata kama vimo vyao havilingani.

Akina mama mliofua nguo za thamani, sikilizeni hili. Kimono nzuri ilipochafuka, ilifumuliwa yote. Nyuzi za mishono zilivutwa zikatoka kirahisi, kwa kuwa zilishonwa kwa mkono kwa mshono mwepesi wa kupitisha sindano juu na chini. Vipande vinane viliungwa tena vikawa jora, vikafuliwa, vikatiwa wanga uliotokana na mwani, vikatandazwa juu ya mbao au kuvutwa kwa vijiti vyembamba vya mianzi vilivyopangwa kwa mamia chini ya kitambaa. Kikikauka, kilishonwa upya. Sehemu iliyochakaa iligeuzwa ikawa ndani, rangi iliyopauka ikatiwa nyingine iliyokoza. Nguo ikichoka kabisa ikawa bitana, kisha nepi, kisha tambara la kufutia sakafu. Katika vijiji vya kaskazini, matambara yalichanwa yakawa nyuzi nene na kufumwa tena kuwa fulana za kazi.

Siku hizi wabunifu wa Ulaya huhubiri nguo isiyoacha taka. Wanawake wa Japani walikuwa nayo majumbani mwao bila kuihubiri.

Hoja ya pili: Kimono ilikuwa mitindo tangu zamani

Vazi tunaloliita kimono lilitokana na kosode, nguo yenye tundu dogo la mkono. Wakuu wa zama za Heian, kati ya mwaka 794 na 1185, waliivaa ndani, chini ya majoho mapana ya hariri yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Watu wa kawaida waliivaa peke yake kwa kuwa iliwafaa kazini. Karne zilivyopita majoho ya juu yakapungua, na kosode ikatoka nje. Vazi la heshima kubwa la Japani, kwa hiyo, limepanda kutoka chini.

Baada ya 1603, chini ya mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa, nchi ilipata amani ndefu. Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulijaa watu. Kwa mpangilio rasmi wa jamii, mfanyabiashara alikuwa chini ya samurai, chini ya mkulima na chini ya fundi. Lakini fedha ilikuwa mkononi mwake. Kwa kuwa hakuruhusiwa kupanda cheo, alipanda kwa mavazi.

Soko likajipanga kumhudumia. Tangu miaka ya 1660 vilichapwa vitabu vya nakshi. Katika kila ukurasa ulichorwa mgongo wa kimono na mapambo yake, na pembeni maelezo ya rangi. Mteja alichagua ukurasa, fundi akatengeneza. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la nguo Edo lililoitwa Echigoya. Wenzake walikuwa wakipeleka majora majumbani kwa matajiri, wakiuza kwa mkopo na kwa bei ya mapatano. Yeye aliuza dukani, kwa fedha taslimu, kwa bei moja kwa kila mtu, tena alikubali kumkatia mteja kipande kidogo alichokimudu. Duka hilo ndilo lililozaa Mitsukoshi, duka kubwa linaloendelea hadi leo.

Waigizaji nao walivumisha mitindo. Mwaka 1741 mwigizaji wa kabuki Sanogawa Ichimatsu alipanda jukwaani na vazi lenye miraba ya rangi mbili iliyopishana. Wanawake wa Edo wakaitaka. Miraba hiyo ikabeba jina lake, na mlioitazama michezo ya Olimpiki ya Tokyo mmeiona: nembo ya michezo ile ilijengwa juu ya nakshi hiyohiyo, kwa rangi ya nili. Vazi la mwigizaji mmoja limevuka karne mbili na nusu na zaidi.

Serikali ilijaribu kuzuia. Husimuliwa kwamba mwaka 1681 mke wa mfanyabiashara tajiri, Ishikawa Rokubei, alisimama njiani akiwa amejipamba hata shogun Tsunayoshi aliyekuwa akipita akamdhania mke wa mtawala. Alipoambiwa ni mke wa mfanyabiashara, mali ya familia ilitaifishwa na wenyewe wakafukuzwa mjini. Mwaka 1683 zilitolewa amri za kukataza darizi za nyuzi za dhahabu na nguo zilizofungwa vifundo vidogovidogo kote kabla ya kutiwa rangi.

Wanafunzi wa sheria, liangalieni tokeo la amri hizi. Watu wa Edo hawakuacha urembo, waliuhamisha. Nje walivaa kahawia, kijivu na nili, rangi zisizokatazwa, na mafundi wakabuni aina nyingi mno za kahawia na kijivu ili mwenye jicho atofautishe. Nakshi zilifanywa ndogo kama punje za mtama, ukiwa mbali unaona kitambaa cha rangi moja. Bitana, ambayo askari haioni, ndiyo iliyochorwa milima, majoka na mashairi. Utulivu ule tunaousifu leo kama tabia ya asili ya Wajapani ulitokana, kwa sehemu kubwa, na watu waliotafuta njia ya kupendeza bila kukamatwa.

Hoja ya tatu: Kimono ni mnyororo wa mikono

Amri zile zilipofunga mlango wa dhahabu, zilifungua mlango wa rangi. Mwishoni mwa karne ya 17 Kyoto ilikuwa na mchoraji wa vipepeo vya mkono aliyeitwa Miyazaki Yuzen. Jina lake limebaki kwenye ufundi wa kupaka rangi nguo uitwao yuzen. Naomba tukae hapa kidogo.

Mchoro huanza kwa wino wa buluu unaotoka kwenye petali za ua dogo la majani. Wino huo una sifa moja kubwa: ukiguswa na maji hutoweka. Juu ya mistari hiyo fundi hupitisha uji mzito wa mchele wa kunata, akiukamua kutoka kwenye kifuko cha karatasi chenye ncha ya chuma. Mkono wake hautakiwi kutetemeka wala kusita, maana uzi huo mwembamba wa uji ndio ukuta utakaozuia rangi ya petali moja isivuje hadi nyingine. Uji ukikauka, fundi mwingine hujaza rangi kwa burashi ndogo. Nguo hupitishwa kwenye mvuke ili rangi ishike. Kisha maua yote hufunikwa kwa uji, na mtu wa tatu, kwa burashi pana, hupaka rangi ya msingi jora zima kwa mwendo mmoja bila kupumzika, asije akaacha alama ya kiungo. Mvuke tena. Mwisho ni maji mengi. Uji huyeyuka, na mahali ulipopita pakabaki mstari mweupe mwembamba unaozunguka kila jani. Zamani majora haya yalisafishwa katika mto Kamo, Kyoto, watu wakitazama kutoka kwenye madaraja. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa kwenye mabirika ili mto usichafuliwe.

Hesabuni mikono hiyo: mchoraji, mkamua uji, mjaza rangi, mpaka msingi, mtu wa mvuke, msafishaji, bado mdarizi na mshonaji. Mara nyingi kila mmoja yuko kwenye karakana yake, na yuko mtu mwingine ambaye kazi yake ni kulibeba jora kutoka mlango hadi mlango na kusimamia kazi yote. Bado sijawataja wanaotengeneza burashi na vifuko vya karatasi. Akifariki mtengeneza burashi asiye na mwanagenzi, mchoraji stadi anabaki na ufundi asioweza kuufanya.

Upande wa ufumaji, mtaa unaosifika kuliko yote ni Nishijin, hukohuko Kyoto. Mwaka 1869 makao ya mfalme yalipohamia Tokyo, wafumaji wa Nishijin walipoteza wateja wao wakubwa. Hawakukaa kuomboleza. Mwaka 1872 watu watatu walitumwa Lyon, Ufaransa, kujifunza kitanda cha kufumia cha Jacquard, kinachoongoza nyuzi za mtande kwa kadi zilizotobolewa matundu. Wawili walirudi mwaka uliofuata wakiwa na mitambo. Wa tatu alikufa maji meli yake ilipozama karibu na pwani ya Japani, akiwa njiani kurudi. Mishipi ya kifahari ya Nishijin, inayouzwa leo kama urithi halisi wa Kyoto, imefumwa kwa vitanda vyenye asili ya Lyon, na mtu mmoja alilipa roho yake kwa ajili hiyo. Kwangu mimi urithi wao haujapungua uhalisi hata chembe. Umeonyesha jinsi unavyolindwa na watu wenye akili.

Hoja ya nne: Vazi lilipogeuzwa alama ya taifa

Serikali mpya iliyochukua nafasi ya mashoguni mwaka 1868 ilitaka Japani ihesabiwe miongoni mwa mataifa makubwa. Mwaka 1872 mavazi ya Kizungu yalifanywa rasmi kwa maofisa katika sherehe za serikali. Mwaka 1887 mke wa mfalme alitoa waraka wa kuwahimiza wanawake wavae mavazi ya Kizungu, yashonwe kwa vitambaa vya nyumbani. Lakini nje ya kasri na tabaka la juu, wanawake wengi walibaki na kimono.

Tuna ushahidi mzuri wa hali hiyo. Mwaka 1925, miaka miwili baada ya tetemeko kuu lililoiangamiza Tokyo, msomi Kon Wajiro na wenzake walisimama katika mtaa wa Ginza wakiandika mavazi ya wapita njia. Kati ya wanaume, 67 katika kila 100 walivaa Kizungu. Kati ya wanawake, 99 katika kila 100 walivaa Kijapani. Ginza ndiyo iliyokuwa mtaa wa kisasa kuliko yote nchini! Mwanamume alipewa kazi ya kuwa usasa wa taifa, mwanamke akapewa kazi ya kuwa asili yake. Mgawanyo huu si wa Japani peke yake, na kila mmoja wetu aliye hapa ajiulize nani kwake hudaiwa kuvaa utamaduni, na nani husamehewa.

Hata hivyo wanawake wale hawakuwa sanamu. Walimu, makarani na wauza maduka waliokuwa na mshahara wao walinunua meisen, kimono za hariri ya bei nafuu. Nyuzi zilitiwa rangi za viwandani kabla ya kufumwa, na ruwaza zikatoka na kingo zinazoonekana kama zinacheza. Zilikuwa na miraba mikubwa, radi, mawaridi ya Kizungu, nyekundu kali karibu na zambarau. Miji ya Isesaki, Chichibu na Ashikaga ilizitoa kwa wingi. Kwa maoni yangu huu ulikuwa wakati wa furaha kuliko wote katika historia ya kimono, kwa sababu msichana asiye wa ukoo mkubwa aliweza kufuata fasheni ya mwaka huo kwa fedha yake mwenyewe.

Vita vikaizima furaha hiyo. Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vitu vya anasa. Wanawake walihimizwa kuvaa suruali pana za kazi za wakulima, nyingi zikishonwa kwa kukata kimono za zamani. Baada ya vita wakahamia gauni na sketi, na ujuzi wa kujifunga kimono, uliokuwa ukipita kutoka kwa mama hadi kwa binti bila somo lolote, ukakatika.

Pengo hilo lilizibwa na shule za kufundisha kuvaa kimono, zilizoenea sana tangu miaka ya 1960. Zilifanya kazi kubwa, na tuzishukuru. Lakini zilileta pia kanuni ngumu. Yenye bitana ni ya kuanzia Oktoba hadi Mei, isiyo na bitana ni ya Juni na Septemba, nyepesi ya kupitisha upepo ni ya Julai na Agosti. Mikono mirefu inayokaribia kugusa ardhi ni ya msichana asiyeolewa. Nyeusi yenye nembo tano za ukoo ni ya mama wa maharusi. Upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia, kwa kuwa kinyume chake ni mavazi ya maiti. Kanuni nyingine ni za kale na zina maana yake. Nyingine zilikazwa na biashara: kila kanuni mpya iliuza nguo mpya. Matokeo yake, mwanamke wa Kijapani aliyetoka barabarani na kimono aliweza kusimamishwa na mtu asiyemjua, akarekebishwa mshipi bila kuulizwa. Wengi wakaona heri kuacha.

Ndivyo vazi la kila siku lilivyobaki kuwa la sherehe chache. Jumatatu ya pili ya Januari, sikukuu ya vijana waliofikia utu uzima, miji hujaa wasichana wenye mikono mirefu ya rangi, na wengi wao wamekodi. Mauzo ya kimono leo ni sehemu ndogo ya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hariri yenyewe karibu yote inatoka nje, China na hata Brazili, katika nchi ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iliongoza dunia kwa kuuza hariri.

Hoja ya tano: Kimono haikuwahi kuwa ya kisiwani tu

Japani ilipojifungia mlango tangu miaka ya 1630, iliacha ufa mmoja kwa Wazungu: kituo cha Waholanzi cha Deshima, Nagasaki. Kutoka hapo zilitoka kimono zilizojazwa pamba laini, nazo zikawa vazi la nyumbani la wasomi wa Uholanzi. Johannes Vermeer alimchora mwanajiografia wake, mwaka 1669, akiwa na joho la aina hiyo. Meli hizohizo zilipeleka Japani vitambaa vya pamba vya India vyenye nakshi, vilivyopendwa kiasi cha kugawanywa vipande vidogo na kuunganishwa kuwa kimono za ndani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wabunifu wa Paris, Paul Poiret na Madeleine Vionnet, walijifunza kutoka kwa kimono kwamba nguo yaweza kuning'inia begani, na mwanamke akapumua bila kubanwa kiuno.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Viwanda vya Japani vilichapa kanga na vitenge kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita. Maneno ya Kiswahili yalichapwa Japani juu ya nguo iliyokuwa ikisubiriwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Akina mama wenye kanga za zamani, zitazameni pembeni mkifika nyumbani. Huenda ikawapo iliyosafiri safari hiyo. Na katika karne hii Serge Mouangue, mbunifu aliyezaliwa Kamerun akaishi Tokyo, amewapa mafundi wa Kijapani vitambaa vya Afrika Magharibi wavishone kimono.

Sasa, je, kila atakaye anaruhusiwa? Mwaka 2019 Kim Kardashian alitangaza chapa ya nguo za ndani za kubana mwili kwa jina la Kimono. Meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, alimwandikia barua ya kumwomba afikiri upya, Wajapani wengi walilalamika, na jina likabadilishwa. Nadhani walikuwa na haki. Jina la vazi la watu wote lilikuwa likitafutiwa hati ya mtu mmoja, kwa bidhaa isiyohusiana nalo kwa lolote. Lakini wenye maduka ya kukodisha kimono kule Kyoto huwavisha wageni kila siku, na wanafanya hivyo kwa fahari. Mstari ninaouchora mimi uko hapa: mgeni akivaa, akalipa, akamtaja aliyetengeneza, ameongeza uhai wa vazi. Akichukua jina na umbo, fundi akaachwa bila jina wala ujira, amepora, hata kama ni raia wa nchi hiyohiyo.

Neno la kesho

Mheshimiwa Mwenyekiti, naelekea mwisho.

Japani ina sheria ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni. Chini yake, fundi hodari kupita wote huweza kutangazwa na serikali kuwa mhifadhi wa ujuzi fulani, akapewa ruzuku ya kila mwaka ili aendelee na afundishe. Watu huwaita hazina hai za taifa. Mwaka 1967 alitangazwa Moriguchi Kako kwa ufundi wa yuzen, na mwaka 2007 akatangazwa mwanawe Kunihiko, aliyesomea sanaa Paris akarudi kuchora kimono kwa miraba na mistari ya hesabu. Hilo ni jambo la kuigwa. Lakini tuzo hulinda mtu mmoja aliye kileleni. Anayelinda mnyororo mzima ni mvaaji.

Ndiyo maana naiona dalili njema kwa vijana. Wananunua kimono za bibi zao katika maduka ya mitumba kwa bei ya chakula cha mchana. Wanazivaa na buti, na kofia, na shati ndani. Jotaro Saito, mbunifu wa Kyoto, hupeleka kimono kwenye wiki ya mitindo ya Tokyo, pamoja na za kiume, na ziko za kitambaa cha jinzi. Wazee wengine hukunja uso. Ningependa kuwaambia wazee hao kwa heshima zote kwamba mwanamke wa Edo aliyeficha joka kwenye bitana, na karani wa 1925 aliyevaa radi nyekundu, wangewatambua vijana hawa kuwa wajukuu zao.

Nasi tuliomo humu tuna kazi. Vyuo vyetu vya sanaa viandike namna mafundi wetu wanavyofanya kazi, hatua kwa hatua, kama tulivyoifuata yuzen jioni hii, kabla wenye ujuzi hawajaondoka nao. Wenye maduka waandike jina la fundi juu ya nguo. Wazazi wawaache vijana wakate, waunganishe na wachanganye bila kuwaita waharibifu wa mila. Na kila mmoja wetu, akitaka nguo ya mkono idumu, ainunue kwa bei ya haki, aivae mchana kweupe, na ikichanika airudishe kwa fundi aliyeishona.